Kufuli la Nne

Walioingia ndani ya mtambo walikuwa watatu, na wote walikuwa wameshatoka. Kila mmoja alifungua kufuli lake. Swichini likabaki la nne.

Katika kituo kile kidogo cha umeme wa gesi, sheria haikuwa na msalie mtume: unaingia mtamboni, unatundika kufuli lako kwenye swichi kuu, ufunguo unautia mfukoni mwako. Kufuli likiwepo, mtambo hauwashwi, hata jiji zima lilale gizani.

Koleo, fundi mkuu, alilishika. Salale! Lilikuwa la moto, limejaa kutu, linanuka nywele zilizoungua.

"La nani hili?"

Kila mmoja akatikisa kichwa. Simu ya Koleo ikalia, alikuwa mkewe.

"Baba watoto, mwanao yuko kwenye upasuaji, tumbo li wazi, na jenereta ya hospitali imezima! Wanammulikia kwa tochi! Washeni, nakuomba!"

Mpole, mwendesha mtambo, alinong'ona, "Mkuu, tuchungulie kwanza. Nusu saa tu."

"Nusu saa mwanangu hana! Ndani hamna mtu."

Akalikata lile kufuli. Mtambo ukanguruma, na ndani ya ngurumo ile kikapanda kilio, kirefu, cha kitu kinachosagwa huku kinataja jina la Koleo. Wote walikisikia. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Binti yake akapona. Koleo alilia kwa furaha, kisha akajitahidi kusahau.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, mtambo ulizimwa, akatundika kufuli lake, akaingia peke yake kufuta mapanga, vile vyuma vinavyozungushwa na gesi. Alikuwa katikati, amelala chali, tambara mkononi, ile harufu ya nywele ilipomjia taratibu kutoka mlangoni, na nyuma ya harufu vishindo vya nyayo, vizito, vikipita kuelekea swichini, na nyuma ya nyayo sauti ya Mpole.

"Mkuu, mbona unakata? Hilo si kufuli lako?"

"Langu. Nimepoteza ufunguo."

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Koleo mwenyewe. Akajipapasa mfukoni, ufunguo ulikuwepo.

"Mpole! Nimo humu, ndugu yangu! Usiwashe!"

Chuma kilimeza ukelele wake.

"Tuchungulie kwanza, Mkuu?"

"Ya nini?" ilisema ile sauti, kwa upole kabisa. "Ndani hamna mtu."

Mapanga yakaanza kuzunguka, polepole kwanza.