Tulivyoficha Matofali Elfu Nne

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya matope ya kufyatulia matofali. Alfajiri tunachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunakula haraka haraka, kila mtu anabeba ndoo yake, safari inaanza. Tulikuwa wanawake kumi na wanane wa kikundi cha Mama Tushikane. Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, upande wa Busisi. Kituo cha afya kiko juu, kwenye barabara ya kwenda Sengerema. Ni mwendo wa saa mbili kwa mguu. Na hizo saa mbili ni za mtu mwenye afya yake, siyo za mjamzito.

Mimi naitwa Teodora, katibu wa kikundi. Nasema mapema kabisa kwamba makosa nitakayosimulia hapa na mimi nilikuwemo. Sitaki mtu aje aniambie nimewasengenya wenzangu.

Pale karibu na kituo cha afya tulipewa kiwanja. Tulitaka kujenga nyumba ya vyumba viwili. Mjamzito akikaribia siku zake, aje alale pale, asubiri uchungu karibu na mkunga. Basi, ni hilo tu. Kwa Odeta lilikuwa jambo kubwa kuliko yote duniani.

Odeta ni mkamwana wa Rebeka, mwenyekiti wetu. Mwaka uliopita uchungu ulimshika masika. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba. Mvua ilinyesha, njia iliteleza. Mtoto alizaliwa njiani, na hakulia. Alikuwa wa kike. Tangu siku hiyo Odeta alifyatua matofali kuliko sisi sote, na maneno yake yakawa machache.

Sasa ilikuwa Februari, mwaka 1996. Odeta alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Rebeka aliniambia huku anafuta machozi, "Teodora, huyu akizaa tena njiani nitazika wawili." Tulihesabu kwa vidole. Mwezi wa nane. Matofali tulikuwa nayo, tena yameshachomwa. Mabati, mbao na saruji hatukuwa navyo.

"Tuwaandikie wafadhili," alisema Rebeka.

Kuandika kwetu ni kazi ya Mzee Mashimba, mume wa Rebeka. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, anapima pamba miaka kumi na tisa. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, naye alirudi nyumbani na kalamu yake. Nampenda sana yule mzee. Lakini ukimpa karatasi, anasahau kwamba kuna mahali pa kuishia.

Alituandikia barua tatu. Zote zilianza hivi: "Kwa Wafadhili Wapendwa, Popote Mlipo." Halafu ziliendelea: "Sisi ni maskini wa kutupwa. Hatuna chochote wala lolote. Hatuna hata tofali moja. Tunaomba msaada wowote mtakaoona unafaa."

"Mzee," nilisema, "matofali si tunayo?"

Alinitazama kwa huruma. "Teodora, binti yangu. Ukienda kuomba ng'ombe wa kukamua kwa jirani, unapita mlangoni kwake unaswaga ng'ombe wako?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Nilitii. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mwombaji anajishusha. Kutaja ulicho nacho mbele ya mtu unayemwomba ni kiburi, na mwenye kiburi hapewi. Hata watoto wanalijua hilo.

Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mistari miwili: shirika lile linasaidia kupanda miti tu. Mwezi ukapita hivi hivi. Tumbo la Odeta lilianza kuonekana, naye kila jioni alikuwa ananiuliza, "Mayu, mama yangu, kuna barua?"

Mashimba aliandika ya nne. Safari hii niliipeleka mwenyewe posta Sengerema. Kabla sijafika posta nikapita mbele ya ofisi za wilaya, nikaona ubao wa matangazo. Miaka yote nimepita pale na sijawahi kuusoma! Nilidhani ni mambo ya wenye suti. Siku hiyo nilisimama. Karatasi moja ilisema kuna shirika lenye ofisi Mwanza mjini linatoa ruzuku kwa vikundi vidogo vya afya ya mama na mtoto. Mwisho wa maombi ni tarehe 30 Machi.

Ilikuwa tarehe 14.

Niliingia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kijana mmoja mrefu aliinuka kunipisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naitwa Venant. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Umekuja na shida gani?"

Nilimpa ile barua ya Mashimba niliyokuwa bado sijaiweka stempu. Aliisoma. Alikuna kichwa.

"Mama, hii mnampelekea nani?"

"Wafadhili."

"Wafadhili gani?"

"Wowote."

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Mama yangu, barua ya kila mtu haina mwenyewe. Kila mfuko una kazi yake. Huyu anasaidia miti, yule anasaidia maji, mwingine wajane. Kabla ya kuandika, uliza maneno matatu. Wanasaidia jambo gani? Wanasaidia kikundi cha namna gani? Mwisho wa kupokea maombi ni lini? Moja likigoma, usipoteze stempu."

"Na hao wafadhili tunawajuaje? Sisi hatuna simu."

"Huu ubao, kila mkija mjini usomeni. Radio ikitangaza, mmoja aandike. Muulizeni padri, mchungaji na shehe, maana dini zina ofisi za maendeleo. Balozi nyingine zina mifuko midogo ya vikundi. Na mimi nipo hapa, nalipwa mshahara kwa kazi hii. Mbona hamjawahi kuja?"

Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Alinipa fomu. "Fomu hii ni bure. Akija mtu anadai pesa ya kuisukuma, mfukuzeni. Leteni katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano, barua ya serikali ya kijiji, na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Mnavyo?"

"Tunavyo," nilisema. Kwa hilo nilimshukuru Mashimba kimoyomoyo. Mzee anapenda karatasi, basi karatasi zote zilikuwepo.

"Vizuri. Na kikundi chenyewe kimechangia nini mpaka sasa?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ulimi wangu ulifanya kama ulivyofundishwa. "Hatuna kitu, mwanangu. Sisi ni maskini."

Venant alinitazama kidogo. "Mfuko huu hautoi kwa kikundi ambacho hakijaanza. Lakini lazima nije nione kwa macho yangu kabla ya kuwapa barua ya mapendekezo. Nitakuja Jumamosi ijayo, tukutane kiwanjani."

Nilirudi na habari. Wanawake walipiga vigelegele. Mashimba yeye alikunja uso.

"Anakuja kuona? Basi akute hali yetu halisi," alisema. Kumbe hali halisi aliyoitaka ni ya kutengeneza! Jumamosi asubuhi alituamuru tufunike matofali yaliyopangwa pale kiwanjani. Tulikata matete, tukafunika lundo lote likawa kama kichuguu. Tukavaa kanga zilizochanika. Rebeka aliazima moja ambayo hata mimi nisingefutia sufuria. Nilimweleza Mashimba alichosema Venant, kwamba mfuko hautoi kwa wasioanza. Akasema, "Hao ndivyo wanavyosema ili wakupime unyenyekevu." Nami nikabeba matete kama wenzangu. Mungu anisamehe.

Venant alifika saa nne kwa pikipiki. Alitusalimia mmoja mmoja. Halafu akamtazama Rebeka.

"Mama mwenyekiti, siyo wewe niliyekuona juzi ferini Kigongo na kitenge cha kijani? Kilikupendeza kweli."

Rebeka aliangalia chini. Mashimba alikohoa, akaanza hotuba. Alisema sisi ni maskini wa kutupwa. Alisema hatuna hata tofali moja.

Venant alizunguka kiwanja. Aliona majani, jiwe moja la mpaka, na kichuguu cha matete. Alifunga daftari lake.

"Wazee wangu, nasikitika," alisema. "Nimependa wazo lenu. Lakini hapa hakuna kilichoanza, na siwezi kuandika uongo. Anzeni, mwakani tutaomba tena."

Mwakani! Nilimtafuta Odeta kwa macho.

Alikuwa amesimama nyuma ya wote, ameshika tumbo. Msomaji, kwetu mkamwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe. Hata kumtazama usoni ni shida. Odeta alikuja mbele, akapiga magoti kwa Mashimba.

"Baba, nisamehe," alisema.

Akainuka. Akaenda kwenye lile lundo, akashika matete kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena. Alikuwa analia kwa sauti, na matete yalikuwa yanaruka huku na huku. Matofali mekundu yakatokea, mstari juu ya mstari.

"Haya ni yetu!" alimwambia Venant. "Tumeyafyatua sisi. Maji tumebeba kichwani kutoka mtoni. Kuni za tanuru tumepata kwa kuwalimia watu. Mwanangu wa kwanza nilimzaa pale chini njiani, akafa. Huyu mwakani atakuwa ameshazaliwa au ameshakufa. Usituambie mwakani, kaka yangu."

Kisha Rebeka alienda akasimama karibu na mkamwana wake, akaanza na yeye kuvuta matete. Nami nikaenda. Wote tukaenda. Venant aliacha daftari kwenye pikipiki, akaja kusaidia.

"Ni mangapi?" aliuliza, jasho linamtoka.

"Elfu nne," nilisema.

"Elfu nne! Na mkayaficha?" Alikaa juu ya matofali, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamgeukia Mashimba kwa adabu. "Mzee, naomba nikwambie jambo, mimi ni mtoto wako. Hata kwetu tumelelewa hivyo hivyo. Kwa jirani inafaa, maana jirani anakujua. Huyu wa Mwanza mjini hakujui. Anachoogopa ni pesa yake kuishia njiani. Akiona matofali haya, hofu inamtoka. Anasema, hawa kazi wanaiweza, mimi nimalizie."

Mashimba alimtazama Odeta, ambaye alikuwa amekaa chini, amechoka. Akavua koti lake la ukarani, lile analolivaa sikukuu, akamtandikia akalie.

"Leta hiyo fomu," alimwambia Venant. "Na unizuie nikizidisha maneno."

Tuliijaza pale pale. Venant alituonyesha kwamba mchango si pesa tu. Tuliandika matofali elfu nne. Tuliandika mchanga, mawe, maji, na siku zetu za kazi, kila mtu kwa idadi yake. Tuliandika kiwanja na nani alitupa. Halafu tuliandika tunachokosa, kwa bei tulizouliza dukani: mabati ishirini na nne, mbao, misumari, saruji, milango miwili. Hatukuomba "chochote". Mashimba alitaka kuweka "wafadhili wapendwa" mara nne. Tulimwachia moja.

Fomu ilivuka ziwa tarehe 26 Machi, siku nne kabla ya mwisho. Niliishika mkononi mpaka Mwanza mjini, nikaikabidhi mwenyewe, nikadai waniandikie kwamba wameipokea. Hilo nalo Venant alinifundisha.

Jibu lilikuja Mei. Wamekubali! Walitukata kidogo kwenye saruji, lakini mabati yote walitupa. Mafundi walianza, wanaume wa kijiji walichimba msingi, na mume wa Odeta, Obedi, aliacha uvuvi wiki tatu akabeba mawe. Kila risiti niliitia kwenye bahasha, na taarifa tuliipeleka kwa wakati. Julai mwishoni nyumba iliezekwa.

Odeta alikuwa wa kwanza kulala mle. Rebeka alienda naye, na sufuria, na michembe ya mwezi mzima utadhani anahamia. Walikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, saa tisa mchana, mvua isiyo ya majira ilishuka, ya upepo na radi. Uchungu ukamshika Odeta katikati ya mvua hiyo.

Mkunga alituambia baadaye kwamba mtoto alikuja amejifunga kitovu shingoni. Alisema Odeta angechelewa kufika kidogo tu, yasingekuwa haya tunayozungumza.

Nilifika kesho yake asubuhi, matope mpaka magotini. Nilimkuta Mashimba amenitangulia. Alikuwa anatembea taratibu kutoka kitanda alicholalia Odeta kwenye nyumba yetu mpaka mlango wa kituo cha afya, anarudi, anaanza tena, midomo inacheza.

"Shikamoo mzee. Unafanya nini?"

"Ngoja, usinichanganye." Alifika mlangoni, akasimama. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Hatua arobaini na mbili, Teodora. Mjukuu wangu alivuka hatua arobaini na mbili tu."

Ndani, mtoto alikuwa anapiga kelele kweli kweli, na hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kumnyamazisha.