Habari za Mguu

Ulikuwa unatazama pembeni. Usikatae. Kila ulipopita Makambako ukaona watu wanatoka geti la hospitali kwa mguu mmoja, ulijifanya unasoma tangazo ukutani. Ukasema, "Misumeno ya viwanda vya mbao siku hizi hatari," ukashika njia yako. Basi leo soma hili mpaka mwisho, halafu tuone utatazama wapi.

Ndani ya jengo lile kuna mashine iitwayo Mpasuaji. Ina mikono sita, kila mmoja mwembamba kama fimbo ya mwavuli, na hukata mguu wa mtu mzima kwa dakika kumi na moja bila tone la damu kugusa shuka. Chumbani hakuna daktari. Nje ya kioo kuna dawati-sikivu, meza yenye sikio la chuma, ambapo ndugu aliyeandikishwa husimama kuzungumza kwa niaba ya mgonjwa. Kanuni yake ni fupi: ndugu akiuliza swali, swali lolote, mikono yote husimama mpaka lijibiwe. Asipouliza, kazi inaendelea. Na dawati linaelewa Kiingereza tu. Siku ya uzinduzi, mwaka 2081, tuliambiwa jukwaani kwamba Kiswahili kitakuja awamu ya pili. Tukapiga makofi, tukala pilau. Leo ni 2092. Wengi mmesahau awamu ya pili. Tupo ambao hatujasahau.

Jumatatu, Sigrada Kaduma, fundi bomba, alisimama mbele ya dawati lile. Mdogo wake Mgaya alikuwa ameangukiwa na gogo la paina kiwandani, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kukatwa mguu. Kiingereza Sigrada alikuwa nacho cha shule, cha kuitikia darasa zima kwa pamoja mwalimu anapouliza. Kwa hiyo alifanya kama tunavyofanya sote mbele ya mkubwa: alijieleza, kisha akanyamaza, mkubwa aelewe mwenyewe. Alieleza kwamba Mgaya ni mtu mwema, anamtunza mama, anacheza mpira Jumapili.

"Thank you," dawati likasema.

Akatoka mwepesi kama aliyetuliwa mzigo.

Jumanne alikwenda kusukwa nywele kwa msusi wake, Zainesi. Huyu alijifundisha Kiingereza mwenyewe, kwa kusoma maelekezo ya mashine za nywele na kugombana nayo.

"Kwa hiyo ulimuuliza nini?" Zainesi alimwuliza.

"Nimuulize? Mimi nimuulize mkubwa? Nilimweleza, akashukuru."

Zainesi akavuta msuko mpaka Sigrada akaguna. "Aliyekushukuru ni sanduku, dada. Shemeji yangu alishukuriwa mara nne pale. Mwanawe akatoka na mguu mmoja, yeye na shukrani nne."

"Usinitishe."

"Nakutisha ndiyo. Kaa hivyo hivyo. Kichwa kiko mikononi mwangu, hutoki mpaka ujue kuuliza. Sema: Why?"

"Why," Sigrada akanong'ona.

"Unaazima chumvi kwa jirani? Uliza!"

"Zainesi, shuleni ukimuuliza mwalimu ulipigishwa magoti nje. Umesahau?"

"Magoti yangu hayajasahau. Tena!"

Walipofika nusu ya kichwa, Sigrada alikuwa na maswali matatu: kwa nini, kuna tatizo gani, anaweza kurudi nyumbani? Hapo bangili yake ya taarifa ikatetemeka. Zamu ya Mgaya ilikuwa imewahishwa. Robo saa.

Wakakimbia. Upande mmoja wa kichwa cha Sigrada ulikuwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama, kitana kimekwama katikati, na barabara nzima ikawa inacheka.

Nyuma ya kioo Mgaya alikuwa amelala usingizi wa dawa. Mikono sita ilikuwa inainama. Sigrada alifungua kinywa, akakuta maswali yote matatu yamemtoroka.

"Uliza!" Zainesi akahimiza. Yeye mwenyewe hangeweza; sauti yake haikuandikishwa.

"Shikamoo," Sigrada akasema.

Dawati kimya. Mkono wa kwanza ukashuka, ukachora mstari wa wino juu ya goti.

Sigrada akafanya kile ambacho yeyote kati yetu hufanya salamu ya kwanza isipoitikiwa: akaendelea kusalimia. Safari hii kwa kile Kiingereza cha shule. "How is work?"

Mikono ikasimama.

Kazi inaendelea vizuri, dawati likajibu kwa Kiingereza chake kikavu. Mikono ikaanza tena.

"How is home?"

Ikasimama. Sina nyumba, dawati likasema.

"How are the children?"

Sina watoto.

Zainesi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, hujui kama anacheka au analia. "Usimpe pumzi, dada! Msalimie huyo!"

"How is the leg?"

Habari za mguu. Dawati likasema mguu ni mzima, ila mfupa umevunjika mahali pamoja tu, na damu inapita vizuri.

Swali ambalo Sigrada alikuwa amelipoteza likarudi lenyewe. "Why cut?"

Likajibu kama mtu anayetaja saa. Mfupa huunga kwa siku arobaini. Aliyekatwa hulala siku sita. Vitanda ni vichache.

"Can he come home?"

Ndiyo. Mfupa unaweza kuunga nyumbani. Nafasi hiyo hupewa kila mgonjwa, ndugu yake akiuliza.

"Who asked?"

Wewe ni wa kwanza.

Mikono sita ikajikunja. Mgaya akatolewa na plasta mpaka pajani, vidole vyote vitano vya mguu vikichungulia nje. Alipofumbua macho alimwona dada yake na kile kitana kimekwama kichwani.

"Dada, na wewe umepasuliwa kichwa?"

Sigrada alicheka mpaka akakaa sakafuni, ameshika vile vidole, kimoja kimoja. Zainesi naye alicheka. Kisha akakitazama kioo.

"Shemeji yangu anajua kusalimia kuliko wewe," akasema taratibu. "Asubuhi anamaliza mtaa mzima. Hakuna aliyemwambia akasalimie pale."

Sasa wewe. Orodha ya kesho imebandikwa getini, ina majina tisa, na moja ni la ukoo wako. Ulilipita ukijifanya huoni. Huhitaji darasa. Kuuliza unajua tangu ulipoanza kusalimia watu. Inuka, nenda kwenye lile dawati, uliza habari za mguu wa ndugu yako, na usibanduke hapo mpaka mikono ijikunje. Weka karatasi hii chini. Nenda sasa hivi.