Kiti cha Elinipa

Asubuhi Elinipa alikuta kiti chake kina joto. Yeye ndiye aliyefungua ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya Kibaha, ufunguo ulikuwa bado mkononi, na kiti kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akajicheka, akakaa, akaanza kazi yake ya kuyapa magonjwa namba ili bima ilipe.

Wiki iliyotangulia alikuwa amepitisha faili la Bi Swaumu wa Maneromango, mama aliyeshikwa na homa inayoondoka na kurudi. Daktari aliviona vijidudu vyake kwenye darubini, vimejisokota kama uzi, akaandika: homa ya papasi, wale kupe wa nyumba za udongo. Ugonjwa huo huonekana kwa nadra, na bima wakiuona hurudisha faili na maswali kibao. Elinipa, ambaye uvivu wake aliuita busara, akachagua namba ya "homa isiyobainishwa". Faili likapita mchana huohuo.

Sasa ofisi ilinuka udongo wa nyumba ya zamani iliyomwagiwa maji. Nyuma ya kiti kitu kilikwaruza taratibu, akigeuka, kinanyamaza. Kisha homa ikamwingia, ikamwachia, akamshukuru Mungu, ikarudi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Fadhila wa mapokezi, mwenyeji wa Kisarawe, akamnong'oneza kwamba ana shangazi yake mganga kule Kibuta, Bi Hamisa. Elinipa ni mwanakwaya wa Kilutheri. Aliona aibu, lakini alikwenda, amejifunika khanga mpaka puani.

Bi Hamisa alifukiza ubani, akauliza kama anavyowauliza wote. "Wewe uliyepanda, jina lako nani?"

Elinipa akasikia kinywa chake kikijibu kwa sauti nzito isiyo yake. "Nilikuwa nalo. Kiti changu kimelifuta."

Kiti, kwa waganga, ni mtu anayekaliwa na jini. Elinipa aliogopa hadi machozi yakamtoka. Bi Hamisa akasema hawezi kumtoa jini bila kujua amwite nani. Arudi pale alipolifuta jina akaliandike tena, na Elinipa akalikumbuka faili la Bi Swaumu.

Alirudi, akakuta madai ya mwezi yameshatumwa na faili la Bi Swaumu halibadiliki tena, akabonyeza na kubonyeza, harufu ya udongo ikazidi, mkwaruzo ukahama kutoka nyuma ya kiti ukaja chini yake, ukampanda uti wa mgongo pingili kwa pingili, naye alipotaka kusimama miguu ikakataa, akabaki amekaa hivyo akitetemeka mpaka Godbless, mwenzake wa ofisini, alipoingia na kumbeba hadi kwa daktari.

Daktari alitazama damu yake kwenye darubini, akaandika homa ya papasi. Elinipa nusura acheke kwa furaha. Faili hili lilikuwa jipya, tena lake. Jina likiingia tu, amepona. Akaomba kukaa kwenye benchi la ofisini alione likiingia. Godbless akakaa kwenye kile kiti, akakuna kichwa.

"Dada, hapa bima watatusumbua," alisema kwa sauti ya chini. "Niweke isiyobainishwa?"

Moyo wake wote ulisema hapana. Kinywa kikasema, "Weka."

Akaweka. Homa ikamtoka Elinipa palepale. Godbless akainuka kidogo, akakipapasa kiti.

"Dada Elinipa, mbona kina moto?"

Elinipa alitaka kumwambia asimame, akimbie. Kinywa chake hakikukubali.