Mlevi Asiyenuka Mdomo

Saa kumi na mbili asubuhi, mwaka 1997, mwezi mpevu ukiwa bado unaning'inia upande wa Kongo, Sajenti Marcelina alimkuta mtu kwenye sakafu ya mahabusu ya kituo kidogo cha ufukweni. Anakoroma kama boti bovu, matapishi yamemkaukia shavuni.

"Nani huyu?"

"Mlevi, afande," alijibu Koplo Pastory. "Bonaventura, yule mkimbizi kutoka ng'ambo anayekuja kila siku kumuulizia kaka yake Onesmo, kama kavuka ziwa. Leonardi mwenye boti kamleta alfajiri. Kasema tumwache alale, gongo itamtoka."

Marcelina akainama. Shati lilinuka gongo hadi macho yakamwasha. Mdomo haukunuka chochote.

"Pastory, huyu kanywea shati?"

Akamfunua kope. Mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Hapo utani ukamwisha.

Hospitalini, Daktari Eliakimu alimtoa damu na kuipima.

"Sukari imepanda karibu maradufu. Wiki iliyopita nilimtibu malaria, sukari yake ilikuwa sawa. Mlevi aliyelala na njaa, yake hushuka. Ubongo ukigongwa, mwili hutaharuki, ukamwaga sukari kwenye damu. Peke yake haihukumu mtu, lakini iunganishe na jicho hilo. Huyu kapigwa kichwani, na damu inavuja ndani. Mngemwacha alale, angelala moja kwa moja. Namtoboa fuvu sasa hivi. Siahidi kitu."

Marcelina akamgeukia Pastory. "Rungu lako liko wapi?"

"Haki ya Mungu, afande, sijamgusa!"

Wavuvi wawili waliosaidia kumbeba, kwanza kituoni kisha hospitalini, wakamtetea: Bonaventura alifikishwa kituoni akiwa hajitambui.

"Basi una kosa la uvivu," Marcelina akasema. "Hilo tutalirudia."

Leonardi alikuwa ufukweni, anaipaka rangi mashine ya boti yake.

"Shikamoo, afande. Mlevi wetu kaamka?"

"Ulimkuta wapi?"

"Hapa hapa mchangani. Usiku kucha nilikuwa ziwani navua dagaa. Narudi alfajiri, huyo, kajilaza."

"Kwa taa ya karabai?"

"Kwa karabai, kama siku zote."

"Mwezi ukiwaka kama mchana dagaa hawaifuati taa. Wenzako wote wametundika karabai zao wiki nzima, dagaa wakakufuata wewe peke yako? Umeniona Muha wa milimani, najua kulima maharage tu?"

Leonardi akacheka kidogo. Marcelina akaliinua kasia lililokuwa ndani ya boti. Ubapani mlikuwa na nywele zilizogandamana na damu. Akakwangua rangi mbichi ya mashine kwa ukucha. Chini yake, jina lililochongwa kwa msumari: ONESMO.

"Bonaventura aliitambua," Leonardi akasema polepole. "Akaanza kupiga kelele. Nikataka anyamaze. Gongo nilimmwagia baadaye."

"Na mwenye mashine?"

"Tulikutana katikati ya ziwa, yuko peke yake. Nilitaka mashine tu, akang'ang'ania." Akatazama maji yaliyommeza Onesmo. "Walikuwa wanavuka kwa mamia kukimbia vita, afande. Mkimbizi mmoja nani angemhesabu?"

"Mdogo wake!" Marcelina akamfunga pingu hadi akapiga yowe. "Alimhesabu kila asubuhi, na sisi tukimtazama!"

Jioni Bonaventura alifumbua macho. Pastory alikuwa amewekwa hapo kumlinda, Marcelina amesimama mlangoni. Midomo ya mgonjwa ikacheza: "Onesmo kafika?"

Pastory akamtazama sajenti, akiomba aokolewe.

"Usinitazame mimi," Marcelina akasema. "Wewe ndiye aliyekuwa akikuuliza kila asubuhi. Mjibu."

Pastory akavua kofia, akavuta kiti karibu na kitanda.