Sigara Iliyorudi Bila Moto

Je, wewe umewahi kutumwa jikoni kuwasha sigara ya mtu mwingine? Mwanasha alitumwa kila siku. Kwao, katika kijiji cha ujamaa karibu na Likawage, viberiti vilikuwa adimu. Baba yake, Fakihi, alimpa sigara, naye akachutama penye mafiga, akaigusisha kaa la moto na kuvuta mara mbili tatu hadi ikashika. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini hakusema neno. Mtoto atamwambiaje baba yake sitaki?

Msimu wa korosho ule, Fakihi alijikata panga kwenye ugoko akifyeka shamba la kijiji. Jirani yake, Likwata, alijikata wiki ileile, tena zaidi, akapona upesi. Kidonda cha Fakihi kilikuwa bado kibichi baada ya mwezi mzima. Wenzake wakamtania kwamba anakitunza ili asilime. Yeye kila asubuhi alifyonza mabibo matano, yale matunda ya mkorosho, akisema maji yake huosha moshi wote kifuani. Akishajipangusa mdomo, anaita: Mwanasha, washa.

Siku moja alikwenda zahanati akiegemea bega la bintiye. Mganga Sipriani alikifungua kidonda, akakichunguza. Akasema kikiendelea kuoza hivyo, mguu utakatwa. Kisha akauliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Fakihi akajibu mbili, labda tatu, na kwamba mabibo huosha moshi wake.

"Nane," alisema Mwanasha. "Ninaziwasha mimi."

Baba yake alimkazia macho. Mwanasha hakuinamisha uso.

"Sikiliza, mzee wangu," alisema Sipriani. "Moshi una hewa ya sumu. Inakalia nafasi ya hewa safi kwenye damu, kwa hiyo kidonda kinakosa hewa. Bibo lina vitamini C, inayolinda mishipa ya damu na kujenga nyama mpya. Lakini moshi unaila vitamini hiyo. Mabibo hayaoshi moshi. Na huyu mtoto unamvutisha moshi uleule."

Walipofika nyumbani, Fakihi alikaa, akatoa sigara, akamwita bintiye. Mwanasha aliipokea, akaingia jikoni. Kaa lilikuwa jekundu. Alilitazama, akarudi na kuiweka sigara mkekani mbele ya baba yake, bila moto.

Fakihi aliamuru tena, kwa sauti ya ukali. Mwanasha alisimama palepale, asiondoke.

Basi Fakihi akainuka, akachechemea mwenyewe hadi jikoni. Alipotaka kuchutama, mguu ulimkataa. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Alishika ukuta muda mrefu. Mwishowe akaitupa sigara kwenye majivu.

Siku za kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kuku. Lakini hakuvuta, mabibo aliendelea nayo, na zahanati hakukosa. Wiki ya saba tangu aache sigara, kidonda kilifunga. Likwata alipomuuliza kwa utani ni dawa gani hiyo, Fakihi alimjibu kwamba moshi ulikuwa unamla damuni, na anayemtuma mtoto kumwashia sigara anamlisha sumu kwa mkono wake.

Jioni hiyo alimwita bintiye, akamkalisha karibu.

"Siku ile ulinirudishia sigara ukanyamaza," alisema. "Ulitaka kuniambia nini, mwanangu?"

Mwanasha alimtazama.

"Sitaki, baba. Tangu siku ya kwanza nilitaka kusema sitaki."