Dirisha la Tatu kwenye Treni ya Kasian

Nilikwenda kuchukua picha ndogo za kadi ya akina mama wa kanisani, basi. Jua lilikuwa linazama na baridi ya Ilomba inang'ata masikio. Ningechukua changu nikaondoka, msingesikia haya. Lakini mdomo wangu mnaujua.

Kasian, mwenye studio, ni mtoto wa rafiki yangu Faustina. Siku hiyo Faustina alikuwa na siku ya tatu hospitalini, hatambui mtu, madaktari wanasema tusubiri tu. Mtoto mwenye akili angekaa na mama yake. Huyu alikuwa dukani anachezea treni.

"Shikamoo, mama Danieli. Hebu niangalizie hii, naipeleka kwenye mashindano ya picha Iringa. Sema ukweli."

Ukweli ananiomba mimi! Nikavaa miwani.

Kwenye kompyuta nikaona picha aliyoiunga mwenyewe: treni ya zamani, ile ya makaa, inapita chini ya mlima Loleza. Mbeya hii! Marehemu mume wangu alitumikia reli miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kuona huku injini isiyo ya dizeli.

"Takataka," nikamwambia. "Treni inakwenda mbele, moshi nao unatangulia mbele. Wapi umeona? Magurudumu yanaelea. Na hao abiria, mbona wamekaza macho kama wa picha za kitambulisho?"

Nikasogea karibu.

Dirisha la kwanza, Silvester muuza mbao. La pili, Bupe wa kwaya. La nne, mzee Sosthenes.

Wote tumewazika.

"Kasian... sura hizi umezitoa wapi?"

"Si zile picha nilizotengeneza za misibani, mama. Zilikuwemo tu humu. Marehemu halalamiki."

"Mpumbavu. Picha ya kutangulia jeneza unaifanya mchezo?" Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. "Halafu mvivu! Dirisha la tatu umeliacha tupu. Kama unapakia maiti, pakia behewa lijae!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Kyala, Mungu wangu, anisamehe.

Taa ikafifia, ikarudi.

Harufu ikaingia. Si mkaa wa jikoni. Moshi mzito, wa mafuta na chuma cha moto.

Nikatazama kompyuta. Moshi wa treni ulikuwa umegeuka, sasa unaelekea nyuma. Magurudumu yamekaa kwenye reli.

Na dirisha la tatu...

"Mama," Kasian akanong'ona. "Mimi sijagusa kitu."

Alikuwa Faustina. Amevaa kitenge kile kile nilichomfunika nacho hospitalini asubuhi.

Kasian akabonyeza kufuta. Haikufutika. Akachomoa waya ukutani. Picha bado inawaka. Simu yake ikaita. Alikuwa Kalista, dada yake, aliyebaki na mgonjwa. Kasian akaitazama tu.

Nikawaza. Niliukosoa moshi, ukanyooka. Niliyakosoa magurudumu, yakashuka. Kitu hiki kinanisikiliza mimi.

"Huyo wa dirisha la tatu ameharibu picha yote!" nikasema. "Pua kama kiazi! Mmbea, hana haya, hafai kukaa na marehemu wenye heshima zao. Mshusheni!"

Halafu mluzi. Mrefu... kutoka upande wa reli.

Dirisha likawa tupu. Kompyuta ikazimika.

"Pokea simu, mjinga wewe!"

Akapokea. Kalista alikuwa analia na kucheka. Mama amefumbua macho, anadai chai, anatukana manesi.

Jumapili nikaenda kumwona nyumbani kwake. Hakunikaribisha hata kiti.

"Pua yangu kama kiazi, eti? Mbele ya Bupe!"

Kasian ameniapia kwa Biblia kwamba hajamwambia mtu.

"Nilikuwa nakuokoa, Faustina."

"Ukaniokoa kwa matusi. Yule mkata tiketi wa ile treni alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema hajawahi kukutana na mtu anayejua kukosoa kiasi hicho. Akaniuliza wewe ni nani, unakaa wapi."

"Wewe ukamjibu nini?"

Faustina akapuliza chai yake, akanywa, akanitazama kama mtu aliyelipa kisasi.

"Nikamwelekeza vizuri tu. Nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Akaandika."