Mlango wa Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu seremala, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Redio ilisema kimbunga kingeingia jioni. Asubuhi akampeleka shangazi yake kwenye shule ya mlimani, kisha akarudi kuziba madirisha ya nyumba yao kwa mbao.

Kimbunga hakikungoja jioni. Saa sita mchana giza likatanda. Bati la jirani liling'oka, likamkata mbuzi shingo mbele ya macho yake. Akakimbilia stoo ya uani, akajifungia. Akasikia paa la nyumba likipasuka, kuta zikiporomoka, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango.

Ndipo akasikia nyundo. Ko, ko, ko. Mtu alikuwa anaupigilia misumari mlango wa stoo kwa nje.

"Wewe! Nimo humu ndani!"

Nyundo ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea taratibu mpaka msumari wa mwisho.

Kesho yake waokoaji walimtoa kwa mtaimbo. Nyumba nzima ilikuwa imekwenda, imebaki stoo tu. Shangazi aliposhuka kutoka shuleni, akaziokota mbao zilizobanduliwa mlangoni, akazigeuza.

"Mwanangu, hizi si za paa letu? Rangi hii nilipaka mimi."